Hekta 928, zikabaki 7.4: hesabu ya mwani wa kahawia kwenye visiwa vya bahari kuu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, miamba ya pwani ya Gran Canaria, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari vya Uhispania, ilibeba hekta 928 za mwani wa kahawia wa spishi moja, Gongolaria abies-marina. Kwa kipimo cha mkulima wa kwetu hizo ni ekari karibu 2,300. Mwaka 2016 watafiti walipima tena wakakuta hekta 7.4, sawa na ekari 18, nazo zimekatikakatika. Asilimia 99.2 ilikuwa imekwenda. Hata hivyo, ukifungua orodha ya mwani wa kisiwa hicho, hasara hiyo haijafuta jina. Ekari 18 zinatosha kulibakiza.

Pengo hilo kati ya majina na ukubwa ndilo linalochambuliwa hapa. Visiwa vya bahari kuu, yaani vile vilivyoibuka kutoka sakafu ya bahari bila kuwahi kuungana na bara, vinalionyesha waziwazi: kila mwani ulioko pale ulifika kwa kuvuka maji, na unaotoweka mara nyingi hauna jirani wa kuurudisha. Ukizifuata hesabu zake utakuta jambo la ajabu. Spishi zinazopotea hazimgharimu mtu senti siku ile zinapopotea, ilhali spishi mbili tu, kwa kuzidi kwao, zinavitia visiwa vya Karibiani katika gharama ya mamilioni ya dola. Kuzielewa bili zote mbili kunahitaji vitu vitatu: jina, ukubwa na mwaka. Mara nyingi tunacho cha kwanza tu.

Ukoo wa spishi 2,000

Sayansi inatambua spishi takriban 2,000 za mwani wa kahawia, wakati mwani mwekundu unapita spishi 7,000. Rangi ya kahawia hutokana na fukozantini, chembe ya rangi inayofunika ukijani wa klorofili na kuusaidia mmea kunasa mwanga unaopenya majini. Karibu spishi zote ni za baharini. Ndani ya ukoo huo mna nyuzi za milimita chache, na mna Macrocystis pyrifera, inayopita mita 45 na inayoweza kurefuka nusu mita kwa siku moja mazingira yakiiruhusu.

Msomaji wa Zanzibar asichanganye hapa. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni wa kundi jekundu, hata kama machoni unaonekana wa kijani au hudhurungi. Wa kahawia ni ule mwingine unaojiotea wenyewe: Sargassum wenye vifuko vidogo vya hewa, Turbinaria mgumu wenye majani ya pembetatu, Padina mwembamba wenye mistari ya duara, na Dictyota unaogawanyika mara mbili mbili kila tawi. Hao ndio wenyeji wa bahari za joto. Jenasi ya Sargassum peke yake ina spishi zaidi ya 300.

Wenyeji wa bahari za baridi ni wa aina nyingine. Kelpi, ule mwani mkubwa unaosimama majini kama msitu, ni kundi la spishi mia moja na kitu tu. Kwa idadi ya majina ni sehemu ndogo ya ukoo, lakini kwa uzito na thamani ndilo linalotangulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba hekta moja ya msitu wa kelpi huleta manufaa ya kati ya dola 64,400 na 147,100 kwa mwaka, ukijumlisha uvuvi, usafishaji wa naitrojeni majini na uhifadhi wa kaboni. Kwa dunia nzima ni kama dola bilioni 500 kila mwaka. Bei hiyo haiwezi kubandikwa kwenye Gongolaria ya Gran Canaria, kwa kuwa si kelpi, lakini inatupa picha ya aina ya tarakimu zilizolala chini ya maji bila kuandikwa popote.

Masharti matatu ya kuishi kisiwani

Sharti la kwanza ni mwamba. Mwani huu hauna mizizi. Una kishikio kinachong'ang'ania jiwe, na mchanga haushikiki. Kwa sababu hiyo ukubwa wa kisiwa juu ya maji hautuambii mengi. Tufanye hesabu. Chukua kisiwa cha duara chenye nusu kipenyo cha km 10. Ikiwa ni mlima wa volkeno unaotumbukia haraka, na kina cha mita 40 kinafikiwa ukiwa mita 400 tu kutoka ufukweni, ukanda ambao mwani unaweza kuota una km² 26. Ikiwa kisiwa hichohicho kimezungukwa na tambarare ya miamba yenye upana wa km 4, ukanda huo unakuwa km² 302. Nchi kavu ni ileile, makazi ya mwani yamekuwa karibu mara kumi na mbili. Visiwa vingi vya bahari kuu ni vya aina ya kwanza. Ndiyo maana hekta 928 za Gran Canaria, ambazo ni km² 9 na kidogo, hazikuwa kitu kidogo.

Sharti la pili ni joto la maji. Kelpi wanataka maji ya baridi yenye chakula kingi, hasa nitreti. Bahari ya joto ina maji ya juu yaliyo maskini, kwa hiyo inawaachia akina Sargassum na Padina. Lakini mpaka huo hauchorwi kwa latitudo peke yake. Mfano ulio karibu nasi ni Dhofar, kusini mwa Oman. Pepo za kusi zinapovuma katikati ya mwaka husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya baridi kutoka chini hupanda kujaza nafasi. Huko ndiko inakoota Ecklonia radiata, kelpi wa kweli, katika nchi ambayo jua lake linajulikana. Msimu ukigeuka na maji yakapata joto, msitu hupukutika. Upepo uleule uliokuwa ukirudisha majahazi kutoka Afrika Mashariki hadi Arabuni ndio unaoamua kama kelpi atapata chakula mwaka huo.

Sharti la tatu ni kuelea, na hilo ndilo linaloamua nani atakifikia kisiwa cha mbali.

Nauli ya kuvuka bahari

Spora za kelpi huishi saa chache hadi siku chache, na nyingi hutua mita au kilomita chache tu kutoka kwa mzazi. Kwa njia hiyo hakuna atakayevuka kilomita 1,000. Lazima mmea mzima ung'oke na kuelea, ukiwa hai na ukiwa bado unaweza kuzaa. Macrocystis ina vifuko vya hewa kwenye kila jani. Durvillaea antarctica, mwani mnene wa bahari za kusini, haina vifuko, lakini ukilikata jani lake utakuta ndani vyumba vidogo vilivyojaa hewa, mithili ya sega la nyuki. Ngozi yake ni ngumu kiasi cha kuvumilia miezi mingi ya mawimbi.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema kwamba wakati wowote ule Bahari ya Kusini hubeba vichaka vya mwani vinavyoelea vipatavyo milioni 70, na kama milioni 20 kati yake bado vina vishikio vyake. Kishikio kikiwepo, wadudu wa bahari, konokono na minyoo waliojificha ndani yake husafiri bure.

Safari yenyewe ina muda gani? Kutoka Visiwa vya Falkland hadi Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya kusini, ni karibu km 4,000. Mkondo ukisukuma kwa robo mita kwa sekunde, kichaka kinakwenda km 21.6 kwa siku. Safari inachukua siku 185, yaani miezi sita. Na kufika si kukaa. Durvillaea ina mimea dume na mimea jike, kwa hiyo mmoja hatoshi: wawili wa jinsia tofauti lazima wafike ufuko mmoja, wakati mmoja, wakiwa wamekomaa. Ukizidisha uwezekano mdogo wa kila hatua unapata karibu sifuri. Kinachoigeuza sifuri hiyo ni vile vichaka milioni 70, na maelfu ya miaka.

Kwamba nauli hiyo hulipwa kweli, tuna ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa vinasaba. Mwaka 2009 Ceridwen Fraser na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha Durvillaea za New Zealand na Chile na zile za visiwa vya kusini zaidi kama Marion, Kerguelen na Macquarie. Za New Zealand na Chile zilitofautiana sana mahali na mahali. Za visiwa vya kusini, vilivyotengana kwa maelfu ya kilomita, zilikaribia kuwa kitu kimoja. Maelezo yao ni kwamba barafu ya bahari, wakati wa kilele cha zama za barafu miaka takriban 20,000 iliyopita, ilikwangua pwani za visiwa hivyo, kisha wahamiaji wachache wakaja kuvijaza upya. Ushahidi wa pili ulisombwa hadi ufukweni. Mwaka 2017 Durvillaea ziliokotwa katika kisiwa cha King George, kando ya bara la Antaktika, na mwanasayansi wa Chile, Erasmo Macaya, alikuwa miongoni mwa waliozichunguza. Vinasaba vilionyesha kwamba mmoja ulitoka Kerguelen na mwingine South Georgia. Ule wa Kerguelen ulikuwa umesafiri zaidi ya km 20,000 kwa njia ya kuzunguka.

Tafsiri yake ni nzito. Antaktika haikukosa Durvillaea kwa sababu ya umbali. Mlango uko wazi, na wageni wanabisha hodi. Kinachowazuia ni baridi na barafu inayokwangua miamba. Bahari ikipata joto, sharti la pili ndilo linalolegea, kwa maana la tatu limekwisha kutimizwa.

Tristan da Cunha: watu 240 na ukanda mwembamba

Kisiwa hiki, km 2,800 hivi kutoka Cape Town, kina wakazi wapatao 240. Mwani wake uliorodheshwa kwa uangalifu na msafara wa Wanorwe wa mwaka 1937 na 1938, na kitabu cha Yngvar Baardseth kuhusu mwani huo kikatoka mwaka 1941. Macrocystis inakizunguka kisiwa kama uzio, na ndani ya uzio huo wanaishi kamba koche wa spishi Jasus tristani. Biashara ya kamba hao ndiyo nguzo ya uchumi wa kisiwa.

Mwaka 2020 Tristan ilitangaza hifadhi ya bahari ya takriban km² 687,000, karibu robo tatu ya ukubwa wa Tanzania. Ukiigawa kwa wakazi, kila mmoja ana zaidi ya km² 2,800 za bahari. Lakini pato halitoki katika upana huo wote. Linatoka kwenye ukanda wa mwamba na kelpi unaogusana na kisiwa. Machi 2011 meli ya mizigo Oliva ilipanda miamba ya kisiwa jirani cha Nightingale ikiwa na tani zipatazo 1,500 za mafuta mazito, na uvuvi wa kamba katika Nightingale na kisiwa cha Inaccessible ukafungwa. Ajali iliyotokea mahali pamoja iliwafikia watu wote mifukoni, kwa sababu makazi yenye thamani ni membamba mno.

Galápagos: msitu ulioonekana kwanza kwenye kompyuta

Kwa latitudo, Galápagos ipo kwenye ikweta, kama km 1,000 magharibi ya Ekwado. Kwa kanuni ya joto haikustahili kelpi. Hata hivyo msafara wa Allan Hancock wa mwaka 1934 ulikusanya mimea ambayo William Randolph Taylor aliieleza mwaka 1945, na mmojawapo ulikuwa kelpi aitwaye Eisenia galapagensis. Jina likaingia vitabuni. Ukubwa haukujulikana.

Ilichukua miaka 62. Mwaka 2007 Michael Graham na wenzake walitumia ramani za kina cha bahari, uwazi wa maji na virutubisho kukadiria mahali kelpi wangeweza kuishi katika nchi za joto, wakipiga hesabu ya kina cha kati ya mita 30 na 200. Jibu likawa km² 23,500, eneo linalokaribia ukubwa wa Rwanda. Wakazamia Galápagos kujaribu hesabu yao, na wakamkuta Eisenia kwenye mita 40 hadi 60, amesimama katika maji ya baridi ya mkondo unaopita chini ya uso wa ikweta na kupanda unapogonga visiwa.

Kina hicho kinaeleza kwa nini hesabu ilichelewa. Mzamiaji wa burudani huishia mita 40. Kuanzia hapo kila mita inahitaji gesi maalumu, muda wa kupumzika njiani wakati wa kupanda, au chombo kinachoongozwa kwa waya kutoka juu. Mita 20 za ziada ndizo zilizouficha msitu.

Upande wa pili wa Galápagos ni wa hasara. El Niño ya mwaka 1982 na 1983 ilipasha maji joto na kukata ule mkondo wa baridi kwa miezi mingi. Kilichofuata kilichochewa pia na uvuvi: samaki wakubwa na kamba walikuwa wamepunguzwa, kwa hiyo viumbe wa miiba wanaokwangua mwani kwenye miamba hawakuwa na wa kuwala, na miamba ikabaki tupu. Mwaka 2007 Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya spishi zilizo hatarini, iliingiza spishi 74 za mwani wa Galápagos. Kumi ziliwekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa, na sita kati ya hizo zikapewa alama ya kwamba huenda zimetoweka. Miongoni mwa za kahawia zilizotajwa ni Bifurcaria galapagensis na Desmarestia tropica.

Litazame neno hilo, "huenda". Gran Canaria inasema asilimia 99.2. Galápagos inasema huenda. Bahari zote mbili ziliumia, ila moja ilikuwa na hekta na mwaka, nyingine ilikuwa na majina na vielelezo vilivyokaushwa kwenye karatasi.

Mbili kati ya elfu mbili

Sasa tugeukie bili inayolipwa taslimu. Kati ya spishi 2,000 za kahawia, mbili, Sargassum natans na Sargassum fluitans, zimeachana na mwamba kabisa. Huelea maisha yao yote na kuzaana kwa kukatika vipande. Ni moja ya kumi ya asilimia moja ya ukoo mzima.

Kwa karne nyingi zilijulikana kwa ile bahari iliyopewa jina lao kaskazini mwa Atlantiki. Mwaka 2011 zilianza kutokea kwa wingi usio wa kawaida kwenye Atlantiki ya tropiki, zikifika Karibiani na Afrika Magharibi pia. Juni 2018 setilaiti ziliona ukanda wa km 8,850, mrefu kuliko bara la Afrika kutoka Tunisia hadi Rasi ya Agulhas, wenye uzito wa zaidi ya tani milioni 20. Mwezi huohuo Barbados ikatangaza hali ya dharura ya kitaifa. Mei 2025 Chuo Kikuu cha South Florida kilikadiria tani milioni 37.5, rekodi mpya, karibu mara mbili ya zile za 2018.

Hapa pia utambuzi wa aina ulileta faida. Watafiti waliochambua mwani wa mwaka 2014 na 2015 walikuta kwamba uliotawala ni umbo la natans lililokuwa adimu kule bahari ya kaskazini. Hiyo ilikuwa dalili kwamba mzigo haukuja kutoka kwenye makao ya zamani, bali ulikua kwenye tropiki yenyewe. Mwenye kusubiri mzigo kutoka kaskazini angekuwa anaangalia upande usio wake.

Bili ya kilomita moja

Mwaka 2015 Hilary Beckles, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha West Indies, alikadiria kwamba kuzisafisha pwani za Karibiani kungehitaji angalau dola milioni 120 na watu zaidi ya 100,000. Gawanya: dola 1,200 kwa kila mfanyakazi, zikijumlisha vifaa, usafiri na mahali pa kutupa. Si pesa nyingi. Kwa nini basi visiwa vinashindwa? Jibu linaonekana ukishuka hadi kwenye ufuko mmoja.

Chukua mfano wa kilomita moja ya ufuko, rundo lenye upana wa mita 10 na kimo cha nusu mita. Hiyo ni mita za ujazo 5,000. Tukipiga kwa kilo 300 kila mita ya ujazo, tuna tani 1,500. Tipa linalobeba mita za ujazo 15 litajaa likiwa na tani 4.5 tu, kwa sababu mwani huu umejaa nafasi na hewa. Zinahitajika safari 334. Unalipa dereva na mafuta kwa ujazo, si kwa uzito. Zaidi ya hapo, ukichukua kwamba asilimia 85 ya mwani mbichi ni maji, umesomba tani 1,275 za maji ya bahari ili uondoe tani 225 za kitu kikavu.

Ungeuacha ukauke kwanza, gharama ingeshuka. Lakini baada ya kama saa 48 rundo huanza kuoza na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, inayowaumiza watu kichwa na pumzi na kuharibu vyuma na mitambo ya majumbani. Matipa 10, kila moja likienda safari moja kwa saa kwa saa nane, yatamaliza safari 80 kwa siku. Kazi itachukua siku nne na zaidi. Kumaliza ndani ya saa 48 kunahitaji matipa 21. Kisiwa kidogo hakina matipa 21 yaliyokaa yakisubiri, na yakiwepo yanatakiwa kwenye kila ufuko siku ileile. Ukileta kijiko kikubwa kuharakisha, kinakomba na mchanga, na ufuko uliokuwa unauokoa unaondoka nao.

Je, kwa nini usiuzwe kama lishe au mbolea? Uchunguzi wa pwani ya Karibiani ya Meksiko uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta arseniki ya miligramu 24 hadi 172 katika kila kilo ya mwani mkavu, na asilimia 86 ya sampuli zilipita kiwango cha miligramu 40 kinachoruhusiwa katika lishe ya mifugo. Kwenye tani zetu 225, hiyo ni kati ya kilo 5 na kilo 39 za arseniki. Ukizimwaga shambani au shimoni karibu na kisima, umehamisha tatizo tu. Barbados imejaribu njia nyingine: watafiti wa Chuo Kikuu cha West Indies huchanganya mwani na maji machafu ya viwanda vya ramu kutengeneza gesi ya kuendeshea magari. Mitambo ya aina hiyo hutaka malighafi ya uhakika kila wiki, ilhali Sargassum huja kwa mafuriko na kukatika. Hapo ukubwa na wakati vinageuka tena kuwa swali la kwanza.

Mgeni mmoja anatosha

Si lazima mgeni awe wa kuelea bahari yote. Rugulopteryx okamurae, mwani mdogo wa kahawia wenye asili ya Japani, Korea na China, ulifika Ceuta, kwenye mlango wa Gibraltar, na mwaka 2015 zaidi ya tani 5,000 zake ziliondolewa kwenye fukwe za mji huo. Mwaka 2019 ukarekodiwa Azores, visiwa vya bahari kuu vya Ureno. Tofauti na Durvillaea, huu hauhitaji mwenzi: kipande kimoja huotesha vichipukizi vinavyojitegemea. Lile sharti la wawili kufika pamoja limefutwa, na nauli ya bahari hulipwa na shughuli za binadamu.

Safu tatu za daftari

Kwetu, Unguja iliungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi. Pemba, yenye mkondo wa kina cha mamia ya mita kati yake na Tanga, haikuungana. Ngazidja na visiwa vingine vya Komoro ni vya volkeno tupu, na miteremko yake ni ya ule ukanda mwembamba. Katika daftari la jina, ukubwa na mwaka, safu ya majina imeanzwa: Erik Jaasund alitoa mwongozo wa mwani wa maji kupwa wa Tanzania mwaka 1976, na mwaka 2005 Oliveira, Österlund na Mtolera wakatoa kitabu cha mimea ya bahari ya Tanzania. Mwanafunzi mwenye vitabu hivyo viwili na ndoo anaweza kutaja mwani mwingi wa ufuko wake.

Safu ya pili, ya ukubwa, imekuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa Baardseth. Picha za setilaiti za Sentinel-2 za Shirika la Anga la Ulaya hutolewa bure, hupita kila baada ya siku tano, na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10. Hekta 928 ni nukta 92,800, na hekta 7.4 ni nukta 740. Zote mbili zinahesabika. Picha haitaona kilichoko kwenye mita 50, wala haitatofautisha Turbinaria na Sargassum. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kushuka bamvua likipwa, na fremu ya mraba na penseli. Wa kuisoma picha na wa kushuka majini wakifanya kazi pamoja, gharama kubwa inayobaki ni mishahara yao.

Safu ya tatu, ya mwaka, haina gharama yoyote ila nidhamu. Mwani wa bahari za joto hukua na kukatika kwa misimu, kwa hiyo kipimo cha kusi kikilinganishwa na cha kaskazi kitatoa hasara au faida isiyokuwepo. Pima mwezi uleule, mahali palepale, uandike tarehe.

Gran Canaria haikuuokoa msitu wake kwa kuwa na takwimu. Hekta 920 zimekwenda, kama hekta 26 kwa mwaka. Lakini inajua ilichopoteza, na ikitaka kurudisha inajua irudishe kiasi gani na wapi. Galápagos imebaki na neno "huenda". Kisiwa ambacho hakijapima kitalipa bei ileile ya hasara, kisha kitalipa tena watafiti wa kukisia kilikuwa na nini.